Ukija kwa daktari, njoo na dawa zako zote

Kazi yangu ni uuguzi katika kliniki ndogo. Mgonjwa akitoka mapokezi hupita kwangu kupimwa presha, joto na uzito kabla ya kumwona daktari, kwa hiyo swali la dawa naanza kuliuliza mimi. "Unatumia dawa gani?" Majibu yake nimeyazoea: "Vile vidonge vyeupe, sista." Au: "Si mnalo faili langu?" Faili tunalo, lakini lina zile tulizokuandikia sisi. Ulizonunua mwenyewe duka la dawa, ulizogawiwa na ndugu, ulizopewa hospitali nyingine, hizo hazimo.

Ndiyo maana nawaomba wagonjwa wabebe dawa zote wanazotumia, zikiwa ndani ya pakiti zake. Kama ni nyingi, au ni insulini inayokaa kwenye friji, piga picha kwa simu, mbele na nyuma, jina na miligramu zisomeke.

Alikuwepo mama mmoja aliyesumbuliwa na kikohozi kikavu kwa muda mrefu. Usiku halali. Alishakunywa dawa za maji za kila rangi, akameza antibayotiki, akapimwa kifua kikuu hakuna, picha ya kifua ikatoka safi. Siku aliyokuja na mfuko wake, daktari aliumwaga mezani, akawa anageuza pakiti moja moja mpaka moja ikamsimamisha. "Mama, hii umeanza lini?" Ilikuwa enalapril, dawa ya presha aliyoandikiwa kwingine, na aliianza kabla kidogo ya kikohozi. Dawa za kundi hilo, ambazo majina yake huishia na "pril", zinajulikana kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Akabadilishiwa, na baada ya wiki chache kikohozi kikakoma.

Kama nawe unatumia dawa ya kundi hilo, usiiache kwa uamuzi wako. Wengi inawafaa bila shida yoyote, na presha ikipanda mara nyingi haitoi dalili. Ukikohoa, njoo daktari aamue. Na kama una mimba au unapanga kuipata, sema mapema, kwa sababu dawa hizo hizo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Za maumivu ndizo zinazosahaulika kuliko zote, maana watu hawazihesabu kuwa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa zikitumiwa siku nyingi pamoja na dawa za presha. Parasetamoli nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini huenda akapangiwa chini ya hapo. Ukimeza ya homa na ya mafua juu yake, unaweza kuvuka kiwango bila kujua, na kinachoumia ni ini.

Mitishamba pia ilete. Najua wengi huificha wakiogopa kugombezwa. Kwangu mimi, anayegombeza ndiye mwenye kosa, kwa sababu mgonjwa akishafokewa hasemi tena, na kuna majani na mizizi inayoweza kushusha sukari au presha ambayo kidonge kimeshaishusha.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Mtu ameacha dawa, labda pesa iliisha, labda ilikuwa inamkojoza usiku kucha, lakini akiulizwa anasema anameza. Kipimo kinasoma juu. Daktari anaamini dozi haikutosha, anaongeza. Siku mgonjwa anapoamua kuzimeza zote sawasawa, presha inashuka mno, anainuka kitandani na kuanguka. Sema tu, "Nimeziacha," na sababu yake. Huenda ipo ya bei nafuu, au ile ya kukojoza ikahamishiwa asubuhi.

Asubuhi ya kuja kliniki, usiruke kidonge cha presha eti kwa sababu unapimwa sukari kabla ya kula. Katika zile saa 8 za kutokula, maji matupu ruksa, na dawa ya presha kwa kawaida humezwa kama siku zote. Dawa za sukari ni habari nyingine: ukizitumia bila kula, sukari inaweza kushuka vibaya, kwa hiyo uliza siku chache kabla.

Ukifika kwangu, kaa dakika 5 umetulia kwanza, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, na usizungumze nikikupima. Kama umekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa, niambie. Kama umebanwa na mkojo, nenda choo kwanza. Wengi huona aibu kuomba, halafu presha inasoma juu bure.

Lakini usipoteze muda kutafuta pakiti kama kifua kinabana, pumzi inakatika, mdomo umeenda upande, mkono umeishiwa nguvu ghafla, au midomo na ulimi vinavimba. Kuvimba huko nako kunaweza kuletwa na zile dawa za "pril", hata kama umezitumia kwa miaka. Hapo wahi hospitali, na aliyebaki nyumbani ndiye akusanye dawa akufuate nazo.