Jibu: Siku moja mashambani kutokea Mtwara mjini

Mkuu, umeuliza pa kupeleka familia siku moja wakaone maisha ya wakulima bila haraka. Nendeni Newala kupitia Tandahimba, mwezi wa kumi, korosho zikianguka. Tokeni alfajiri. Mwombeni mwenye shamba ruhusa, muokote naye: unanyonga bibo (tunda la mkorosho), korosho inang'oka, unaitupa kwenye ndoo, mtoto anafyonza bibo lake. Wavae nguo za kazi, doa la maji ya bibo halitoki. Na ganda bichi la korosho wasiling'ate kabisa, mafuta yake yanababua midomo! Mkikuta ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, kuleni. Korosho ghafi msinunue kwa mkulima, hiyo ni kangomba, yaani ununuzi haramu nje ya mfumo rasmi; chukueni zilizobanguliwa. Kabla ya kurudi piteni Shimo la Mungu, ukingo wa mteremko mkali hapo Newala, mtaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo.