Krosova Ipi kwa Gari Lenye Amplifaya Moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina Probox ninayoitumia kwa shughuli zangu kati ya Kisauni na mjini. Nimenunua spika za mlangoni za inchi 6.5 pamoja na twita zake (spika ndogo za sauti nyembamba), amplifaya moja ya chaneli nne na sabufa (spika ya besi) moja ya omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme. Katika boksi la spika mlikuwamo vikasha viwili vya krosova pasivu, vya kuigawia kila spika sauti inayoifaa. Fundi ananiambia nivitupe nifunge krosova aktivu, kwa kuwa pasivu hula nguvu ya amplifaya. Je, nimsikilize?
Msomaji wa Kisauni, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, usivitupe vikasha hivyo. Fundi wako hakusema uongo, lakini hakukupigia hesabu ya gharama.

Krosova pasivu hukaa baada ya amplifaya, haihitaji umeme wa kwake, na ndani yake mna koili na kapasita zinazogawa sauti nyembamba kwa twita na nzito kwa spika ya mlangoni. Ile ya aktivu huigawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, na kwa sababu hiyo kila spika hudai chaneli yake. Twita mbili, spika za mlangoni mbili na sabufa ni chaneli tano, nawe unazo nne, kwa hiyo utalazimika kununua amplifaya ya pili, nyaya zake na fyuzi yake.

Ushauri wangu ni kuzichanganya. Amplifaya nyingi za chaneli nne zina krosova aktivu ndani yake; tazama ubavuni penye vidude vya kuzungusha vilivyoandikwa HPF (hupitisha sauti za juu ya kiwango unachoweka) na LPF (hupitisha za chini yake). Chaneli za mbele ziwekwe HPF kwenye 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde) na zipeleke sauti kwenye vikasha vyako. Chaneli za nyuma ziunganishwe kuwa moja kwa ajili ya sabufa, ikiwa kitabu cha amplifaya kinaruhusu omu 4 kwa muungano huo, na LPF iwekwe papo hapo kwenye 80 Hz. Kwenye besi hoja ya fundi ni ya kweli kabisa, maana kuikata sauti kwa 80 Hz kwenye spika ya omu 4 kwa njia ya pasivu kunataka koili ya karibu milihenri 8, yaani donge zito la waya wa shaba, la bei kubwa, linalogeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Kati ya twita na spika ya mlangoni, ambako mgawanyo huwa aghalabu karibu na 3,000 Hz, koili ni ndogo mno na hasara yake ni haba.

Ila vikasha hivyo vitumike na spika za seti yake tu. Kapasita ya mikrofaradi 13 huilinda twita ya omu 4 kuanzia 3,000 Hz. Ukiifungia twita ya omu 8, mpaka huo hushuka hadi 1,500 Hz, na twita ndogo ikifunguliwa sauti huungua. Wala usivifunge ndani ya mlango, kwani maji ya mvua hupita humo, na kwa hewa yetu ya chumvi skrubu za nyaya huota ukijani upesi. Vifunge chini ya dashibodi.

Aktivu ina sifa moja ninayoithamini sana. Dereva wetu hukaa kulia, hivyo spika ya kulia humfikia kwanza, na twita haiko mbali naye sawa na spika ya mlangoni. Krosova ya kidijitali inaweza kuichelewesha kila spika peke yake, kiasi cha milisekunde 1.5 kwa kila nusu mita, hadi mwimbaji asikike katikati ya kioo cha mbele. Ukipata amplifaya ya pili, ifuate njia hiyo bila kusita, lakini kwenye waya wa kila twita ya omu 4 acha kapasita ya mikrofaradi 40, kwa sababu mshindo mmoja wa amplifaya inapowashwa unaweza kuiua twita isiyo na kinga.