Kabla hujaizima printa na kuiwasha tena

Wiki hii nimemkuta tena kijana mgeni kapiga magoti nyuma ya printa, anachomoa kebo ya mtandao na kuichomeka upya kwa sababu skani hazifiki kwenye folda ya pamoja iliyo kwenye seva. Kuchapa, inachapa, tena kupitia kebo hiyohiyo. Sasa kebo imekosa nini, mdogo wangu? Inuka, twende kwenye seva.

Nawaandikia nyote mlioanza kazi karibuni, maana kila kundi linalokuja huanza na kebo.

1. Jaribu bila printa. Kaa kwenye kompyuta nyingine, ingia kwenye folda kwa jina na nenosiri lilelile lililowekwa kwenye printa, kisha tengeneza faili humo. Folda kufunguka tu hakutoshi. Ruhusa ziko mahali pawili, za kushiriki folda mtandaoni na za NTFS (zile za folda yenyewe kwenye diski), na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Mnampa kila mtu ruhusa zote upande wa kwanza, kumbe upande wa pili akaunti inaruhusiwa kusoma peke yake.

2. Kompyuta yenye folda iwe na anwani ya IP isiyobadilika. Ukiiachia DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, iigawie inavyotaka, ipo siku printa itapeleka skani kusikokuwa na mtu.

3. Printa ni mtumiaji kama watumiaji wengine, kwa hiyo ifungulie akaunti yake, yenye haki ya kuandika kwenye folda ya skani na si kwingine. Hili mnaambiwa siku ya kwanza na mnalisahau siku ya pili. Nami nililisahau.

Nilikuwa mgeni kama nyinyi. Mkuu wa idara kasimama nyuma yangu na makaratasi mkononi, anapumua. Akaunti niliyoifungulia printa ilikuwa inakataa, nami nikaona aibu, nikaandika jina langu na nenosiri langu, la usimamizi wa domeni nzima, yaani kompyuta na akaunti zote za ofisi. Skani ikaenda papo hapo. Nikashukuriwa. Nikajiambia kesho nitarekebisha, na hiyo kesho mnaijua.

Nenosiri lilipoisha muda (domeni ya Windows isiyoguswa humpa mtu siku 42), nikaweka jipya. Kuanzia hapo akaunti yangu ikawa inafungwa kila asubuhi. Naifungua, watu wanaanza kazi, inafungwa tena. Nikashuku virusi, nikaisafisha kompyuta yangu mpaka ikabaki tupu. Nikamshuku mwenzangu wa meza ya pili, nikamnunia bila kumwambia kosa lake. Nikabadilisha nenosiri tena, bure. Na muda wote huo watumiaji wananiambia skani haziendi, nami nawajibu kwa ukali kidogo kwamba wasubiri, nashughulikia jambo kubwa la usalama.

Aliyenitoa gizani ni mkubwa wangu wa kazi. Alifungua kumbukumbu za usalama kwenye seva ya domeni, akatafuta tukio 4740, akasoma jina la kifaa kilichosababisha akaunti kufungwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Nani mwingine ana nenosiri lako?" Nikasema hakuna. Akanyoosha kidole kwenye printa ya koridoni, iliyokuwa bado inajaribu nenosiri langu la zamani kila mtu alipotuma skani, na ambayo ukurasa wake wa mipangilio ulikuwa bado unafunguliwa kwa nenosiri la kiwandani. Ningefurahi angenigombeza.

Basi someni kumbukumbu kabla ya kugusa chochote. Tukio 4625 linaeleza kwa nini printa imekataliwa: 0xC0000064, jina la mtumiaji halipo, 0xC000006A, nenosiri si sahihi, 0xC0000234, akaunti imefungwa, 0xC0000133, saa hazilingani. Msiponikuta na hili kichwani, mtanikuta nimelibandika ukutani.

4. Printa za zamani zinajua SMB1 tu, toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows hushirikia faili mtandaoni. Windows 10 iliacha kuiweka yenyewe tangu toleo la 1709, mwaka 2017, mwaka uleule programu hasidi ya WannaCry ilipopitia humo kuenea duniani. Sasisha programu ya ndani ya printa. Ikishindikana, peleka skani kwa barua pepe. Nikikukuta umeiwasha SMB1 kwenye seva ya faili "kwa leo tu", hiyo leo tutaimaliza wote wawili. Na kama skani zimekufa ghafla baada ya kompyuta kupanda hadi Windows 11 toleo la 24H2, kumbuka kwamba toleo hilo kwa kawaida hudai mawasiliano ya SMB yawe na saini ya kidijitali, na printa nyingi za zamani haziwezi kuitoa.

5. PIN ya kufungulia Windows si nenosiri. Narudia: si nenosiri. Printa haiijui.

6. Angalia pia kama Windows imeuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa umma; hapo fayawoli, ukuta wa ulinzi wa Windows, huifunga poti 445, mlango wa SMB, na printa inabaki kulaumiwa.

7. Ukimaliza, skani karatasi moja mbele ya mwenye shida, aione faili kwa macho yake. Kisha futa majaribio yako. Kwenye folda yetu bado kuna "jaribio", "jaribio jipya", "jaribio la mwisho" na "jaribio la mwisho kweli", na hakuna anayekubali kuwa ni zake.