Maswali na majibu: Masafa yasiyogawiwa si mali ya kuokota

Barua nyingi wiki hii zinahusu kurusha mawimbi chini ya kilohezi 9. Nimechagua hizi.

Fundi, nimesoma kwamba chini ya kilohezi 8.3 hakuna aliyegawiwa masafa. Basi si naweza kurusha bila kuomba? (Tabata)

Huwezi. Swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu na bado linakuja, kwa sababu watu wanasoma jedwali na kuacha maelezo yaliyo chini yake. Ni kweli jedwali la kimataifa la kugawa masafa, la ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano), linaanzia 8.3, kabla ya mkutano wa dunia wa 2012 lilianzia 9. Lakini maelezo yanasema nchi inayoruhusu mtu atumie masafa ya chini ya hapo ihakikishe hawabughudhi walio juu, na hapo juu tu ya mstari ipo mitambo ya kufuatilia radi. Inayoruhusu ni nchi, wala si wewe na transmita yako chumbani. Kwetu mlango wa kubisha ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, pale Mawasiliano Towers, Dar es Salaam. Kiwanja cha Kibamba hakiwi chako kwa kuwa hujaona bikoni.

Na msiniletee habari za Wajerumani, kwamba kwao watu hurusha chini ya kilohezi 9 bila kuomba. Kila nchi na sheria yake. Uingereza, mwenye leseni tayari bado huomba kibali cha nyongeza kwa Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko.

Leseni yangu ya redio ya ridhaa, yenye alama ya 5H, haitoshi?

Haitoshi. Leseni inahusu bendi zilizoandikwa ndani yake. Itoe kabatini uisome.

Barua ya maombi niandike nini? (Mbagala)

Afadhali wewe umeuliza kabla ya kuwasha. Mwezi uliopita kijana mmoja alinionyesha barua yake ya mistari miwili: "Naomba masafa ya chini kwa ajili ya utafiti." Ofisa ataifanyia nini? Andika masafa kamili na upana wa mawimbi yako, nguvu ya transmita, na makadirio ya nguvu itakayotoka kwenye antena. Taja mahali, urefu wa waya, tarehe na saa za majaribio. Eleza unachotaka kupima na nani atapokea, yuko wapi. Kisha weka namba ya simu ambayo mtu ataipokea wakati mtambo unawaka, na useme mtambo utazimwa ndani ya dakika ngapi ukiambiwa uzime. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau, na ndilo linalomwonyesha ofisa kwamba anaongea na mtu mzima. Omba muda mfupi, miezi mitatu hivi. Jibu likichelewa, fuatilia kwa barua nyingine. Kimya si kibali.

Nikisimamisha mlingoti wa mita 10 Sinza, nitafika wapi?

Piga hesabu kwanza. Wimbi la, tuseme, kilohezi 8.27 lina urefu wa kilomita 36 na ushei. Robo yake ni kilomita 9, karibu na kutoka Posta hadi Mwenge. Mita zako 10 ni uzi tu: unaingiza wati 100, na kinachotoka hewani hakifiki hata miliwati moja. Kilichobaki kinaishia kwenye koili na ardhini. Hata hivyo wapo waliosikika mbali kwa nguvu ndogo kama hiyo, kwa kurudia ujumbe ule ule saa nyingi huku kompyuta ya mpokeaji ikijumlisha marudio hayo.

Sasa onyo ambalo hukuliomba. Antena fupi namna hiyo inabeba maelfu ya volti. Nimeona koili iliyozungushwa kwenye ndoo ya plastiki ikitoboa ndoo kwa cheche, tundu jeusi la ukubwa wa punje ya mtama. Sinza watoto wanapita uani. Zungushia uzio, au usiwashe.

Na waya nikiupandisha kwa tiara ufukweni?

Usithubutu kabla ya kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Karibu na nyaya za TANESCO, au wingu likiwa limefunga, usifanye kabisa hata ukiwa na vibali vyote.

Sina hela ya transmita. Nianzie wapi? (Kigamboni)

Uko mahali pazuri kuliko wote walioandika. Anza kusikiliza. Waya wa mita chache, kikuza mawimbi kidogo na laptopu inayorekodi sampuli 48,000 kwa sekunde vitakuonyesha kila kitu hadi karibu kilohezi 24. Nenda mbali na nyumba, maana umeme wa hezi 50 unaacha mistari kila mahali, na chomoa chaja. Tafuta kilohezi 19.8: ni kituo cha jeshi la majini kule Exmouth, Australia. Pima nguvu yake kutwa nzima, uone inavyobadilika jua likizama. Usiku vaa spika za masikioni. Kila radi ya mbali italia "tyuu" inayoshuka na kukatika karibu na kilohezi 1.7. Andika saa ya kila unachosikia daftarini; daftari hilo ndilo utakaloambatisha siku utakapoomba kurusha.