Mada ilihama kabla hatujagombana

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Katika nyakati hizi ambazo hakuna anayeijua kesho, nini kimekufundisha kulegeza msimamo na kufikiri upya?" Wasomaji walionitangulia wametaja vitabu, safari na maradhi. Mimi nitataja baraza. Wala sisemi baraza kwa jumla, maana siku hizi ukilitaja tu mtu anakuletea hotuba ya utamaduni na picha za watalii wa Mji Mkongwe. Nasema baraza moja la saruji, lenye ufa katikati, huku kwetu Ng'ambo, Unguja, katika ile miezi ya giza ya Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Kwa asiyekuwepo: waya wa umeme unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliharibika, na Unguja nzima ikakaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara. Ilikuwa mara ya pili, kwani mwaka 2008 tulishakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Safari hii ilituangukia wakati wa kaskazi, joto limeshika, feni zimelala. Maji hayakupanda kwenye majumba ya Michenzani kwa sababu pampu nazo zinataka umeme. Mimi kazi yangu ni fundi wa friji. Sina haja ya kueleza zaidi hali yangu ilivyokuwa.

Na giza halikuja peke yake. Tarehe 5 Novemba 2009, kama mwezi mmoja kabla ya umeme kukatika, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani CUF walikutana Ikulu wakashikana mikono. Asiyeijua Zanzibar ya wakati ule hawezi kupima uzito wa mkono ule. Tulikuwa tumepitia chaguzi za 1995, 2000 na 2005, kila mmoja na mgogoro wake, na mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001. Kulikuwa na miaka ambayo watu waligomeana maduka, wakagomeana daladala, wakafika hadi kugomeana maziko. Sasa ghafla wakubwa wamepatana, na hakuna aliyetwambia sisi wa chini tuzifanye nini zile chuki tulizoweka majumbani kwa miaka kumi na tano.

Kabla ya giza, maskani zilijulikana. Hapa pana bendera hii, pale bendera ile, na mtu alipita kwa salamu fupi akaenda kukaa kwao. Umeme ulipokatika, watu wakaanza kukaa penye upepo na penye muuza kahawa. Baraza letu lilikuwa na vyote viwili. Ndiyo wakajikuta pamoja mvuvi wa Malindi, mwalimu mstaafu, hamali wa bandarini, karani wa serikali, kijana wa Kipemba aliyekuwa akiuza nguo Darajani, na mimi niliyekosa kazi. Karani na yule kijana, katika hali ya kawaida, wasingekaa jiwe moja hata kwa kulipwa.

Nitasimulia jioni moja tu, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka kwa mpangilio wake. Ilikuwa katikati ya Januari. Mazungumzo yalianza na barafu. Mvuvi analalamika kwamba barafu inayoletwa kwa boti kutoka Dar ikifika nusu yake maji, na bei haishikiki. Mwalimu akamwambia wazee wetu hawakuwa na barafu na samaki hawakuwashinda: walipasua, wakatia chumvi, wakaanika, wakala ng'onda mwaka mzima. Hapo likazuka bishano la papa mkavu, yupi alikuwa mzuri, wa hapa au yule aliyekuja na majahazi ya Waarabu kila kaskazi. Majahazi yakatupeleka baharini, bahari ikatupeleka kwenye redio, kwa sababu redio za betri ndizo zilizokuwa macho yetu siku hizo, na redio ilikuwa haina habari nyingine isipokuwa tetemeko la Haiti. Karani akaeleza aliyoyasikia, majumba yaliyoporomoka, watu wanaozikwa kwa pamoja bila kujulikana nani ni nani. Hamali, ambaye tangu magharibi alikuwa kimya anachezea kete za dhumna, akasema: "Basi hao hakuna aliyewauliza kadi za chama."

Hakuna aliyejibu. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, kila mtu akachukua kimoja na kipande cha kashata, na mwalimu akauliza nani kafungwa jana kwenye Kombe la Afrika kule Angola. Tukaingia kwenye mpira mpaka tukaondoka.

Kilichonishughulisha kwa miaka mingi baadaye ni kule kutojibu. Kama mada ingebaki pale, karani angelazimika kuwatetea wenzake, kijana angetaja watu wake waliozikwa na jirani wakapita njia nyingine, na ingekuwa ugomvi ule ule tunaoujua wote. Lakini mada ilihama kabla hatujagombana. Neno lilisemwa, likaachwa, kila mmoja akaenda nalo kwake bila kushindwa na mtu. Wiki kadhaa baadaye bibi yake yule kijana alifariki, na karani alikuja makaburini, akatia bega kwenye jeneza. Sidai kwamba neno la hamali ndilo lililomleta. Pengine alikuwa na sababu zake. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemshawishi kwa hoja, maana nilikuwepo karibu kila siku na hoja hiyo haikuwahi kuwekwa mezani.

Hii ndiyo sababu siamini sana wanaosema dawa ya ukaidi ni mjadala. Mjadala una mshindi, na mtu akishaona anakaribia kushindwa hukaza. Nilipata kuhudhuria semina moja ya elimu ya uraia kabla ya kura ya maoni ya mwaka ule, ya kuamua kama vyama viwili viunde serikali ya pamoja, ukumbini, yenye ratiba na posho. Watu walikaa kwa vyama vyao kama mashabiki wa Simba na Yanga, wakasema kilichotarajiwa, wakatia saini, wakaondoka. Mwenyekiti alikuwa hodari kweli wa kutwambia "turudi kwenye mada". Mimi neno hilo limenitia uchungu tangu siku ile. Barazani mambo yote ya maana niliyoyapata niliyapata tukiwa tumetoka nje ya mada.

Nitoe mfano wa tumbo langu mwenyewe, usije mtu akadhani nazungumzia siasa tu. Katikati ya Januari nilikuwa nimeshakubali kwamba sina kazi mpaka umeme urudi. Fundi wa friji, friji hazina umeme, hesabu imekwisha. Jioni nyingine tulikuwa tukisengenya nani anatajirika kwa shida hii, umbea mtupu, sioni haya kusema. Mmoja akataja wenye vituo vya mafuta, mwingine wauza mishumaa. Hamali akasema wanaotajirika ni wauza jenereta, lakini wateja wao hawana raha, kwa sababu yeye anazipakia kwenye mkokoteni zikiwa mpya kutoka bandarini na baada ya wiki mbili anazipakia tena zikiwa mbovu, watu wanatafuta fundi hawampati. Alisema hilo kwa kucheka, akaendelea na habari ya tajiri mmoja na wake zake.

Mimi nilikuwa sipo tena. Kitu ninachokijua kuliko kingine chochote ni mota ya kompresa: koili zilizoungua, jinsi ya kuzisuka upya, jinsi ya kupima kama waya umekatika ndani au nje. Jenereta ndogo ya Kichina ni mota hiyo hiyo iliyogeuzwa kazi, ikaongezwa injini. Injini nayo, mara nyingi, ubovu wake ni kabureta iliyoziba kwa petroli chafu au plagi iliyojaa masizi. Kesho yake nilimfuata hamali akanionesha nyumba tatu zenye jenereta zilizokufa. Mpaka Machi nilikuwa na kazi kuliko miaka ya umeme. Kama mtu angenijia na kunishauri moja kwa moja nibadilishe kazi, ningemwona ananidharau. Ilikuja kwa upande, imechanganyika na umbea, ndiyo ikanipata.

Kuna ustadi mwingine wa barazani ambao sijauona kwingine. Mtu akiwa na fikra ngeni ambayo hana hakika nayo, huiweka kwenye mdomo wa watu. "Nimewasikia huko Darajani wanasema serikali ya pamoja itapunguza fitina." Hakuna anayeuliza ni kina nani hao wa Darajani. Wakicheka, naye anacheka: si yake. Wakiinyamazia, kesho kutwa utamsikia mwenyewe anasema "mimi naona". Kijana wa nguo alikuwa bingwa wa mbinu hiyo. Kuna wiki nzima aliwasingizia wateja wake maneno ambayo, nina yakini, hakuna mteja aliyewahi kuyasema akinunua suruali.

Mke wangu, nilipomwambia ninaandika jibu hili, alicheka. Akasema nyinyi wanaume mnajisifu kwa kukaa. Waulizeni waliokuwa kisimani. Na kweli. Mabomba yalipokauka, visima vya zamani vya mitaani vilifufuliwa, na foleni ya ndoo ilianza kabla ya alfajiri. Kule hukuchagua umekaa na nani. Ndoo yako ilikupangia jirani. Anasema alisimama siku nyingi nyuma ya mama mmoja ambaye walikuwa hawajasemeshana tangu uchaguzi wa 2000, na walianza kwa kulaumiana nani kavuruga foleni, wakaja wakafika kwenye dawa ya mtoto aliyepata harara kwa joto. Yule mama ndiye aliyempa jina la mti wa dawa hiyo. Mke wangu anashikilia kwamba maridhiano yake yeye yalitangulia barazani kwetu. Siwezi kumpinga, sikuwepo kisimani, na wanaume wengi hatukuwepo, jambo ambalo nalo ni upungufu mkubwa wa baraza. Nusu ya akili ya mtaa haikai pale.

Kundi la WhatsApp la mtaa sasa tunalo, na vijana wananiambia ndiyo baraza ya leo. Sikubaliani nao. Lina faida zake, msiba ukitokea habari inafika upesi. Lakini kule neno halipotei. Kijana anakuwekea picha ya ulichoandika mwaka juzi, mbele ya watu wote, na wewe kwa kuogopa aibu unakitetea hata kama umeshakiacha moyoni. Barazani neno la jana lilikwenda na upepo, na mtu aliweza kuja kesho na rai nyingine bila kutakiwa maelezo. Wanaodhani kumbukumbu ya kila kitu inatufanya tuwe wakweli zaidi, mimi naona inatufanya tuwe wagumu zaidi.

Sitaki mkadhani miezi ile ilitufanya tuwe na rai moja. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Mimi nilisema ndiyo. Karani alisema ndiyo, kwa madai yake. Mvuvi alisema hapana, naye ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote barazani, na alikula na kila mtu. Nilimuuliza siku ya pili yake. Akanijibu: "Hawa wakubwa wawili wakishakuwa serikali moja, Baraza la Wawakilishi litakuwa na nani wa kusema hili silo? Ugomvi siutaki. Lakini sitaki na ukimya."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimepima mambo mawili tu, amani au fujo, na yeye alikuwa na la tatu. Yaliyofuata yamempa haki upande mmoja na mimi upande mwingine. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ule wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na CUF, chama cha pili kwa ukubwa, na kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kikabaki kitupu mpaka Desemba 2020, alipoapishwa Maalim Seif. Mimi nasema: umeona, mlango ulikuwepo, ndiyo maana wapinzani walirudi serikalini. Yeye anasema: umeona, hatukujenga wa kukosoa, tulijenga viti. Tumelirudia hilo mara nyingi, na kila mara limekatizwa na bei ya samaki.

Hoja yake nimeitumia mahali ambapo yeye hakuikusudia. Mafundi tulipoanzisha ushirika wetu mdogo wa kununua vipuri kwa pamoja, wenzangu walipendekeza kila fundi mzoefu apewe cheo, ili asitokee wa kulalamika. Pendekezo lilipendwa sana. Nikasimama nikasema wawili wabaki bila cheo, washike daftari la mahesabu, na wasiwe na hisa katika uongozi. Walinishangaa, mimi nilijulikana kuwa mtu wa suluhu. Waliponiuliza nimelitoa wapi, niliwaambia kwa mvuvi mmoja wa Malindi, ambaye kura yake na yangu zilipingana.