Muulize Mama Afande: Nani Humfungulia Mfungwa?

Mwezi uliopita niliteleza nikataja katika safu hii ya kuku kwamba kabla ya kufuga huku Mamboleo, Kisumu, nilivaa sare ya magereza miaka 27. Mhariri akanipigia simu: barua zimejaa. Nikajua ni za kideri na chanjo. Wapi! Hakuna hata moja ya kuku. Mnataka kujua wafungwa hutoroka vipi, na nani huwafungulia. Haya, leo kuku wapumzike.

Mama Afande, hujambo? Wale wafungwa watatu wa ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti 2021, askari kadhaa walikamatwa. Mimi nashindwa kuelewa. Mtu ana mshahara, anangojea pensheni, ana watoto shuleni. Anamsaidiaje gaidi kutoka? Ni pesa tu? – Mwalimu, Kakamega

Sijambo, mwalimu. Mimi sijawahi kumwona askari aliyeamka asubuhi, akanywa chai, akasema leo naenda kumtorosha mfungwa. Lango hufunguliwa kwa miezi, tena kwa vitu ambavyo havina hata harufu ya lango. Nitakusimulia yangu, maana nikisimulia ya wengine nitakuwa nasengenya.

Nilikuwa koplo katika gereza moja la wanawake. Tulikuwa na mahabusu fundi wa cherehani, mtu wa mkono mwepesi ajabu. Siku moja pindo la sketi yangu ya sare lilifumuka nikiwa zamu. Aliomba sindano, akalishona palepale nimesimama, akakata uzi kwa meno. Nikamwambia asante. Wiki iliyofuata akaniuliza kama homa ya mtoto imeshuka. Mimi sikuwa nimemwambia nina mtoto mgonjwa. Alinisikia nikiongea na mwenzangu barazani. Baadaye akaniomba nimpigie mamake simu, nimwambie tu kwamba yu mzima. Nikapiga. Kwa kanuni ni kosa. Kisha kikaja kikaratasi, kimekunjwa hadi kikawa kama punje ya mahindi. Nikakipeleka stendi, nikampa kijana mmoja, naye akanitia mkononi shilingi 500, eti za nauli. Nauli yangu siku hizo ilikuwa shilingi 30.

Mwezi wa tatu, jioni, tunahesabu kabla ya kufungia. Wamechuchumaa watano watano, nami napita nikinyooshea kila safu kidole. Nilipomfikia, akauliza bila kuinua kichwa: "Afande, zamu yako ya usiku langoni ni lini tena?" Sauti ilikuwa ile ile aliyoulizia homa ya mtoto. Nilipoteza hesabu. Nikaanza upya, nikapata pungufu ya mmoja, jasho likanitoka hadi nilipokumbuka kuna mgonjwa zahanati.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa gereza nikatapika yote, na ile 500 nikaitaja. Nilishtakiwa kinidhamu, nikaondolewa zamu za usiku, na usajini ukanichelewa miaka minne. Yule dada alihamishwa. Wenzangu walinicheka sana. Lakini wawili kati ya hao hao walinifuata baadaye nyuma ya jiko, mmoja mmoja, kuniuliza nilianzaje kusema.

Kwa hivyo, mwalimu, pesa huja, ila mara nyingi huja mwishoni, kama risiti ya kitu ulichokwisha kuuza. Mfungwa ana mchana na usiku kukusoma wewe mmoja. Wewe una wafungwa mia wa kuwasoma kabla zamu haijaisha. Anajua mwisho wa mwezi unashika kichwa, anajua mkopo wa sacco umekula nusu ya mshahara, anajua umegombana na mumeo kwa jinsi ulivyofunga mlango.

Ndiyo maana habari za gereza la Clinton kule Dannemora, jimbo la New York, nilizisoma kama barua kutoka nyumbani. Juni 2015 walitoroka wauaji wawili, Richard Matt na David Sweat. Walikata chuma nyuma ya seli zao, wakapita mle kwenye mabomba, wakaibukia kifuniko cha shimo barabarani. Misumeno waliipata wapi? Kwa Joyce Mitchell, msimamizi wa karakana ya ushonaji. (Cherehani tena!) Aliificha ndani ya nyama ya kusaga iliyogandishwa, na askari Gene Palmer akaifikisha nyama hiyo kwa wafungwa bila kuipitisha kwenye mtambo wa kugundua vyuma. Palmer alikuwa amezoea kupokea picha alizochora Matt. Picha tu, mwalimu. Mitchell alitakiwa awasubiri na gari. Usiku wenyewe moyo ukamwenda mbio, akaishia hospitali. Matt alipigwa risasi akafa, Sweat akakamatwa karibu na mpaka wa Kanada. Mitchell alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka miwili na ushei na saba. Palmer, miezi sita.

Na yuko ambaye badala ya kulipwa alilipa yeye. Vicky White wa Alabama, miaka 56, naibu mkurugenzi wa jela ya wilaya, aliuza nyumba yake kwa bei ya kutupa. Tarehe 29 Aprili 2022, siku ambayo ingekuwa yake ya mwisho kazini, alimtoa mahabusu Casey White akidai anampeleka kortini kupimwa akili. Majina yanafanana, undugu hakuna. Kanuni ilisema mtu yule asindikizwe na maafisa wawili. Alitoka naye peke yake, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, nani amuulize? Siku ya 11 walipatikana Indiana. Vicky alijipiga risasi.

Sasa Kamiti. Wafungwa watatu walitoboa ukuta, wakapanda uzio kwa blanketi, wakaondoka usiku wa kuamkia Novemba 15. Ukuta hautobolewi kwa dakika tano. Kuna vumbi la kuficha, kuna kokoto, kuna sauti. Mtu wa kugonga ukuta kwa rungu na kusikiliza mlio wake alipaswa kuwepo kila siku. Serikali ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 60, Rais Uhuru Kenyatta akamfuta Kamishna Mkuu Wycliffe Ogallo, na siku ya nne wale watu wakakamatwa Kitui wakiwa hoi kwa njaa na kiu. Walioanza kuwashuku ni wanakijiji. Raia, bila sare, waliwatazama mara moja wakaona kitu hakiko sawa.

Afande, sisi wa Bungoma hatujasahau kijana Masten Wanjala aliyekiri kuua watoto. Alitoroka vipi jela hadi akafika kwetu kijijini? – Mzee wa kanisa, Bungoma

Pole mzee, lakini usituchanganye na polisi, hata kama kwa macho yako sote ni sare tu. Wanjala hakuwa jela. Alikuwa seli ya kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi, na ilipofika Oktoba 13, 2021, siku aliyotakiwa mahakamani, hayupo. Polisi waliokuwa zamu walishtakiwa. Yeye alifika kwenu, wananchi wakamuua, na wazazi wa wale watoto wakakosa kusikia kesi hadi mwisho. Hilo linaniuma mpaka leo.

Seli ya kituo ni mahali pa kupitia. Watu wanaingia na kutoka saa zote, mlevi huyu, mwizi wa simu yule, askari mmoja yuko kwenye kitabu cha matukio, mwingine ametumwa chai. Agosti 2024 walitoka watu 13 kituo cha Gigiri kwa usiku mmoja, akiwemo mshukiwa wa mauaji ya wale ambao miili yao ilipatikana jalala la Kware, Nairobi; wakuu wenyewe wa polisi walisema kuna wa ndani waliosaidia. Walikata waya wa juu. Waligunduliwa wakati wa kupelekewa kifungua kinywa! Jela tunahesabu tunapofungua, tunahesabu tunapofungia, na zamu zikibadilishana tunahesabu tena. Anayepokea asipohesabu mwenyewe, akaandika tu idadi aliyoachiwa, hapo ukuta wa futi 20 ni pambo.

Mama, mume wangu ni askari jela hapa Nakuru. Tangu Januari ana simu ya pili, kabambe ya vibonye, anaificha ndani ya gambuti. Pesa zinaingia M-Pesa kwa majina nisiyoyajua, elfu moja, elfu mbili. Nikiuliza anasema ni chama. Juzi ametia vigae sebule nzima. Nifanye nini? – Mke mwenye wasiwasi

Dada yangu, chama kina siku yake, kina kiasi chake, na kina wanawake wenye midomo. Pesa inayoingia Jumanne elfu moja na Alhamisi elfu mbili kwa majina tofauti si chama.

Sidhani anamtorosha mtu. Nadhani anaingiza vitu: tumbaku, laini za simu, pengine simu zenyewe. Ule ujumbe wa "tuma ile pesa kwa namba hii" unaotuingilia sote, mwingi umewahi kutumwa na mtu aliyelala kwenye godoro la serikali, na simu ile haikuingia kwa miguu yake. Ila mtu aliyezoea kuingiza simu hataombwa tena. Ataambiwa. "Afande, ile ya Januari tunayo kwenye rekodi." Siku hiyo hata akitaka kukataa, amechelewa.

Kifungu cha 124 cha Kanuni ya Adhabu hakichagui sare: kumsaidia mfungwa kutoroka, au kumwingizia gerezani kitu cha kumsaidia kutoroka, ni hadi miaka saba. Anayejua ndani ya jela askari aliyefungwa huishi vipi ni mumeo mwenyewe, humfundishi wewe.

Zungumza naye akiwa ametoka zamu ya usiku, ameoga, amekula, watoto wako shule. Usianze na vigae. Anza na ile simu, iweke mezani, halafu unyamaze. Wanaume wetu hawawezi kuvumilia kimya, ataanza yeye. Akikubali kusema, aonane na wakili kwanza, kisha aende kwa mkubwa wake kwa miguu yake kabla hajaitwa. Kama wakubwa anawaogopa, kasisi wa gereza yupo, amesikia mabaya kuliko hayo. Wewe usifute chochote kwenye simu ile, na akikwambia "nitumie namba yako leo yangu imejaa", kataa kabisa. Jina litakalotokea kwenye taarifa ya M-Pesa litakuwa lako. Najua utaniandikia kwamba nimekuletea ugomvi nyumbani. Niandikie tu.

Afande, kaka yangu alifungwa miaka mitatu kwa wizi, amemaliza miezi 14. Amepiga simu usiku kwa namba ngeni, anasema amepata askari wa kumtoa akipelekwa hospitali. Anataka 60,000. Baba ameshamtafutia ng'ombe mnunuzi. Tutume? – Dada mdogo, Siaya

Msitume! Mwambie baba amrudishe huyo ng'ombe zizini kwanza ndipo amalize kusoma.

Mwanangu, hospitali kweli ni mahali dhaifu. Mlango mmoja, watu wengi, askari wawili wenye njaa, pingu imefungwa kwenye kitanda cha chuma kilichooza. Ndiyo maana kila mlaghai wa jela hutumia hadithi ya hospitali: inaaminika. Nimeona familia zaidi ya moja zikituma pesa kwa "askari" ambaye ni mfungwa wa seli ya pili, na kaka mwenyewe akigawana. Wakati mwingine kaka hana hatia, ameshikiwa kisu asome maneno. Wakati mwingine askari yupo kweli, anakula 60,000, halafu siku ya hospitali anampeleka mwingine. Mtamshtaki wapi?

Sasa piga hesabu nami. Miaka mitatu ni miezi 36. Kwa kifungo cha kawaida kama chake, sheria ya magereza humpunguzia mwenye tabia nzuri na bidii ya kazi theluthi moja. Ondoa 12, inabaki 24. Amemaliza 14. Ana miezi kumi, mwanangu. Kumi! Mahindi mara mbili. Akitoroka akakamatwa, kutoroka kwenyewe ni kosa jipya la hadi miaka miwili, na ile theluthi anaweza kunyang'anywa. Na aliyetuma pesa anaangukia kile kifungu cha 124 nilichomwambia dada wa Nakuru.

Nendeni mkamwone siku ya wageni, wewe na baba, msitume mtu. Mbebeeni sabuni na mafuta ya kujipaka. Muulizeni macho kwa macho tarehe yake ya kutoka. Kila mfungwa anaijua kama jina la mamake, na ofisi ya kumbukumbu watawaambia wakiulizwa kwa adabu. Kama ameshikiwa kisu, mtaiona shingoni kabla hajasema: hatageuka kuangalia nyuma. Hapo ombeni kuonana na mkuu wa gereza siku hiyo hiyo, msingoje kesho, na mwombeni kaka ahamishwe seli.

Na huyo ng'ombe, kama ni wa maziwa na mnunuzi wenu amesema elfu 60, kuna mtu anawaibia hata huko zizini.