Ng'ombe wa mpaka wa Rumi: mfupa unajuaje kazi ya mnyama?

Swali: Nimesoma kwamba vijijini kando ya mto Rhine, mpakani mwa Dola ya Rumi, ng'ombe walifugwa kwa kulima zaidi kuliko kwa nyama. Mtaalamu akishika mfupa wa miaka 2,000 anajuaje kwamba ng'ombe huyo alivuta jembe? Na kama ni hivyo, maelfu ya askari wa mpakani walikula nyama gani?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza tunatazama taya. Gego la mwisho la ng'ombe huota akikaribia miaka miwili na nusu, kisha meno yote huendelea kusagika kwa namna tunayoweza kuipima. Mfugaji wa nyama humchinja dume mara tu linapomaliza kukua, maana kulilisha zaidi ya hapo ni hasara. Katika kambi na miji ya mpaka ule, taya nyingi ni za ng'ombe waliokomaa, tena wengi wao wazee. Hapo swali lako la pili linajibika: askari walikula maksai waliostaafu na majike yaliyoacha kuzaa. Nyama hiyo ilikuwa ngumu, na tunakuta mifupa ya bega yenye tundu la kulabu, ishara kwamba ilitundikwa ikakaushwa kwa moshi.

Kisha tunatazama miguu. Kwa mnyama aliyefungwa nira miaka mingi, ncha ya chini ya mfupa ulio juu ya kwato hupanuka, hasa upande mmoja, na kiungo huota mfupa wa ziada. Lakini uzee na uzito navyo huleta hali hiyo, kwa hiyo simwamini anayetoa hukumu kwa mfupa mmoja. Taya, miguu na ukubwa wa mwili vikikubaliana, hapo ndipo nasema huyu alikuwa mnyamakazi.

Ukubwa wenyewe una habari nzito. Urefu wa mfupa wa chini wa mguu wa mbele, ukizidishwa takriban mara 6, unakupa kimo cha ng'ombe begani. Kabla ya Warumi, ng'ombe wa kule walikuwa wadogo, karibu sentimita 110. Katika karne zilizofuata baadhi walivuka 120. Sasa soma habari za Wafrisi, waliokaa pwani kaskazini mwa Rhine. Jemadari wa Rumi, Drusus, aliwatoza kodi ya ngozi za ng'ombe kwa matumizi ya jeshi, bila kutaja kipimo. Kisha ofisa wa Rumi, Olennius, akachagua ngozi za ng'ombe-mwitu wa msituni, mnyama mkubwa kupita kiasi, ziwe kipimo cha kila ngozi. Ng'ombe wa nyumbani hakuweza kutoa ngozi ya namna hiyo hata angenenepeshwa vipi. Tacitus, mwanahistoria wa Rumi, anaandika kwamba watu walitoa kwanza ng'ombe wenyewe, kisha mashamba, mwishowe wake na watoto wakaingia utumwani. Mwaka 28 BK waliasi. Kila ninapopima mfupa wa ng'ombe mdogo wa pwani ile, nauona udhalimu huo kwa sentimita.

Kwa watu hao ng'ombe hakuwa kitoweo cha kusubiri kisu. Alilala chini ya paa moja na familia, upande wa pili wa nyumba, akitoa joto wakati wa baridi, na samadi yake ilirutubisha shamba na hata kuinua vilima walivyojengea nyumba ili mafuriko yasiwafikie.

Jeshi lilitaka ngozi kwa mahema, viatu na hatamu. Huko Vindolanda, kambi ya jeshi la Rumi nchini Uingereza, imepatikana barua ya mwanzoni mwa karne ya 2 ya mtu aitwaye Octavius: kuna ngozi Cataractonium (Catterick ya leo), na angeshakwenda kuzichukua, ila hakutaka kuwaumiza wanyama wakati barabara ni mbaya.

Usiwasahau farasi. Wabatavi, wa bonde la Rhine ya chini, hawakulipa kodi. Walitoa wanaume na silaha, na wapanda farasi wao walisifika. Katika vijiji vyao mifupa ya farasi ni mingi kuliko kawaida, na kwa jumla haionekani kama mabaki ya nyama iliyofugiwa soko. Yaelekea walikuwa wakilea farasi wa kuuzia jeshi, na wale waliobaki kijijini ndio tunaowakuta ardhini leo.